Utamu wa Mto Tana una majina yake

Neno 'kitindamlo' limeundwa vizuri, wala sina ugomvi na aliyeliunda. Kutinda ni kukata au kukomesha. Mtoto wa mwisho huitwa kitindamimba kwa kuwa ndiye aliyekomesha uzazi wa mamaye. Kwa mantiki iyo hiyo, kitindamlo ni kitamu kinacholetwa mwisho ili kuukomesha mlo. Kimofolojia neno hili halina ila. Shida yangu nalo ni ya kihistoria. Linatufanya tuamini kwamba binadamu wote hula chumvi kwanza kisha sukari, na kwamba jamii isiyofanya hivyo haina vitamu vya kujivunia.

Wafaransa walilitoa neno lao katika kitenzi desservir, yaani kuondoa vyombo mezani. Walikuwa wakieleza desturi ya kwao. Hata huko Ulaya, mtindo wa kuleta sahani moja baada ya nyingine ulienea katika karne ya 19. Kabla ya hapo vyakula vingi viliandaliwa mezani kwa pamoja, kila mtu akajitwalia. Pwani yetu ilikuwa na mpangilio wake. Wakati wa kufuturu, tende hutangulia. Ndizi mbivu za tui na kaimati huandaliwa pamoja na vyakula vingine, si baada yavyo. Haluwa haimalizi mlo wowote. Huliwa barazani pamoja na kahawa chungu, na kazi yake ni kuwaweka watu kwenye mazungumzo. (Ndiyo maana mkahawa, kabla ya kuwa mahali pa kula pilau, ulikuwa mahali pa kahawa.)

Nimeyawaza haya kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mzaliwa wa Ngao, anajiandaa kufungua mkahawa huko Garsen. Anataka mgeni anayesafiri kwenda Lamu au Hola asimame, ale na anywe vitu vilivyotoka delta ya Mto Tana pekee: hakuna soda, hakuna juisi ya pakiti. Wazo zuri sana. Aliniletea rasimu ya menyu yake akasema, "Mwalimu, nipigie msasa lugha tu." Nikafika kwenye ukurasa wa vitamu na vinywaji, nikakwama. Tunda la mkoma alikuwa ameliita 'tende mwitu'. Mtindi ulikuwa 'yogati asilia'. Pombe ya asali, 'divai ya asali'. Embe ngowe lilikuwa 'embe la kitropiki', kana kwamba kuna embe la theluji.

Nilipomuuliza kwa nini asiandike koma, alicheka. "Mwalimu, mtu wa Nairobi akisikia koma atadhani ni alama ya uandishi."

Hoja yake ina uzito wa kibiashara na siipuuzi. Lakini hebu tulitazame neno analolitumia katika kichwa cha menyu yake: 'vyakula vya kienyeji'. Kienyeji kinatokana na mwenyeji. Kwa miaka mingi nchini Kenya neno hili lilikuwa la dharau. Kuku wa kienyeji alikuwa kuku wa maskini, na pombe ya kienyeji ilikuwa ya kukimbizana na askari. Leo upepo umegeuka, kuku wa kienyeji ana bei kuliko mwenzake wa gredi. Hata hivyo, mwenyeji ni mtu mwenye mahali, anayempokea mgeni na kumwambia hiki kinaitwa hivi na huliwa hivi. Ukichukua tunda lake ukaliacha jina lake, umepata kienyeji kisicho na mwenyeji.

Na Mto Tana umeshafanyiwa hivyo. Mwaka 1963, tulipotafuta wimbo wa taifa, tuliuchukua wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao. Lahani tukaibakiza, maneno tukayaweka kando, tukatia mengine. Wimbo wenyewe unapendeza, nami husimama wima kama raia wengine. Ila ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba kila asubuhi ya gwaride wanaimba lahani ya mtoto kulala?

Turudi kwenye koma. Mkoma ni mti wa jamii ya minazi na mivumo, wenye majani kama kipepeo kilichofunguliwa. Hustawi kwenye udongo wa maji ya chini, hivyo bonde la Tana limejaa mikoma. Majani yake hutoa miyaa ya kusukia vikapu na mikeka. Tunda lake ni la rangi ya kahawia, gumu, na kinacholiwa ni ganda la nje lenye nyuzinyuzi, ambalo hutafunwa taratibu hadi utamu wake uishe. Si tunda la mtu mwenye haraka. Halifanani na tende kwa umbo wala kwa ladha, na anayeliita tende mwitu anamwahidi mteja kitu asichoweza kumpa.

Zaidi ya hayo, ni tunda lenye historia ndefu katika fasihi yetu. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kukutana nalo, pengine bila kulitambua, katika kisa cha Fumo Liyongo. Masimulizi humweka shujaa huyu kwenye miji ya maeneo ya mlango wa Tana, Ozi na Ungwana, na hadi leo wenyeji wa Kipini huonyesha mahali wanapopaita kaburi lake. Edward Steere alikichapisha kisa hicho mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Wataalamu wamebishana sana kuhusu karne aliyoishi Liyongo. Sitaingia huko. Kinachonivutia ni chakula.

Wengi tunakumbuka mkate. Liyongo yuko gerezani, mama yake anampelekea vyakula vizuri kwa mkono wa mjakazi Saada, na walinzi wanavila wao. Ndipo unapookwa mkate wa wishwa, makapi ya nafaka, na ndani yake inafichwa tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanamrushia mfungwa, naye anaikata minyororo. Ama kweli dharau yao kwa chakula duni ndiyo iliyomtoa Liyongo kifungoni.

Tukio la makoma halitajwi sana darasani, nami huona ni bora zaidi. Adui zake Liyongo wanawatumia wawindaji wa mwituni, Wadahalo na Wasanye, wajifanye marafiki zake. Wanakubaliana kula kikoa. Kila siku mmoja wao atapanda mkoma na kuwaangulia wenzake matunda, wale pamoja, kesho zamu ya mwingine. Hila yao ni kwamba siku ya zamu ya Liyongo, akiwa juu ya mti na mikono imeshughulika, watamfuma mishale. Zamu inafika. Liyongo anachagua mkoma mrefu kuliko yote, anasimama chini, anavuta upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale. Wenzake wanabaki kuokota na kula, na bila shaka siku ile hawakuusikia utamu.

Kikoa ni neno ambalo Kiswahili cha leo kimelisahau, na ni hasara. Ni ulaji wa pamoja kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Methali ya 'mla cha mwenziwe na chake huliwa' inatoka katika ulimwengu huo. Sisi wa vyuoni tumeunda maneno mengi ya ushirika na uchumi shirikishi na kadhalika, huku kikoa kikiwa kamusini kinasubiri kuitwa. Ona pia kwamba katika kisa hiki tunda tamu halikuja baada ya chakula. Lenyewe ndilo chakula, na ndilo kisingizio cha watu kukutana. Watu wale walimwalika Liyongo kwenye makoma kwa sababu hakuna mtu wa delta ambaye angelitilia shaka jambo la kawaida kiasi hicho.

Kwenye vinywaji, menyu ya kijana wangu ilikuwa na ukimya mmoja mkubwa: tembo. Nilielewa. Mji una Waislamu wengi, na biashara ni biashara. Lakini historia haiwezi kuruka jambo hilo. Kando ya Tana watu wamegema minazi, mikindu na mikoma tangu zamani, na msamiati wa ugemaji umekiachia Kiswahili hazina, ukiwamo msemo wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa pia kuna somo la mazingira ambalo wauza vyakula 'endelevu' wangefaa kulijua. Mgema wa mnazi hukata ncha ya karara la maua. Mnazi huendelea kuishi na kuzaa miaka mingi. Mkoma ukigemwa kwenye kilele, shina hilo mara nyingi hufa. Kwa hiyo kinywaji kimoja ni mavuno, na kingine ni ukataji wa mti. Menyu inayoandika 'mvinyo wa mnazi-pori' inafuta tofauti hiyo kwa kalamu moja.

Kwa asiyelewa, mnazi una mengine. Kiswahili kinalitaja tunda lake kwa hatua: kidaka linapotunga, kisha kitale, kisha dafu la kunywa, kisha koroma lisilo dafu wala nazi, mwisho nazi kavu ya kukuna. Mkahawa wowote wa Kipini au Garsen unaoandika 'maji ya nazi' umekosea hatua mbili nzima, na mteja atakayeletewa maji ya nazi kavu atakuwa na haki ya kulalamika.

Asali nayo ina kisa cha kiisimu kinachonifurahisha kila ninapokifundisha. Neno lenyewe, asali, ni la Kiarabu. Je, Waswahili hawakuwa na asali kabla ya Waarabu? Walikuwa nayo. Lugha nyingi za Kibantu zina shina moja linalohusu nyuki na asali. Wakikuyu huiita asali uuki, na Wakamba huita pombe yao uki. Kiswahili kilimbakiza mdudu, nyuki, kikaazima jina la kitu anachokitengeneza, na neno la zamani, uki, likasogea na kuwa jina la pombe ya asali. Limo kamusini. Basi 'divai ya asali' ya rasimu ile ilikuwa imelipita jina lililokuwapo kabla meli ya kwanza ya divai haijaonekana kwenye upeo wa bahari yetu.

Sasa embe. Ibn Battuta, alipopita pwani hii mwaka 1331, aliandika juu ya mlo aliokaribishwa Mogadishu: wali wa samli na vitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za limau, tangawizi na maembe. Alieleza kwamba embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, na likiwa bichi ni chachu kama limau na hutiwa siki. Angalia tena: ndizi za maziwa ziko kwenye sinia pamoja na wali, si baada yake. Embe la Tana ninalolijua zaidi ni ngowe, refu lililopinda ncha, la rangi ya chungwa likiiva. Msimu ukifika, maembe hujaa kando ya barabara kutoka Hola hadi Garsen hadi mengine huoza kwa kukosa mnunuzi, ilhali madukani mita chache kutoka hapo kuna juisi ya embe ya pakiti iliyosafiri kutoka mbali. Kijana wangu ana haki ya kukasirishwa na jambo hilo, na sharubati yake ya ngowe ndiyo kitu nilichokipenda zaidi katika orodha.

Lakini nikitaja Hola siwezi kupita bila kutaja maji. Mradi wa kunyunyizia mashamba maji huko ulianza kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu waliokataa kufanya kazi walipigwa na askari wa gereza, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka mkokoteni wa maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo, na mjadala uliofuata katika Bunge la Uingereza ulikuwa mkali. Sijawahi kuona mfano mchungu zaidi wa kinywaji kulazimishwa kutoa ushahidi wa uongo, nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba historia ya vinywaji vya Mto Tana inaanzia kwenye maji ya mto wenyewe, na maji hayo yamesingiziwa mauaji.

Sukari ilikaribia kuwa msiba mwingine. Muwa si mgeni pwani. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Huo ulikuwa muwa wa kutafuna, wa bustanini. Sukari ya kiwandani ni habari nyingine. Mwaka 2008, Mamlaka ya Ustawishaji wa Mito Tana na Athi pamoja na Kampuni ya Sukari ya Mumias zilikuwa na mpango wa kupanda miwa katika takriban hekta 20,000 za delta. Wakulima, wafugaji, wavuvi na watetezi wa ndege wakaenda mahakamani. Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi aliamuru mamlaka husika zitayarishe mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi. Kufikia hapo, mwezi Septemba 2012, delta ilikuwa imeorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kampuni yenyewe ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Hebu fikiria kama mpango ule ungefaulu. Mikoma ingeng'olewa, mizinga ya nyuki ingehamishwa, malisho ya kiangazi yangefungwa, mashamba ya mpunga na miembe yangegeuka kuwa mistari ya miwa. Delta ingetoa utamu mwingi kuliko wakati wowote katika historia yake, na usingekuwa na jina lolote isipokuwa kilo.

Nimeacha maziwa mwisho kwa makusudi, maana ndiyo yenye uzito mkubwa kwa wakazi wenyewe. Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto, wa mpunga, ndizi na maembe. Waorma, ambao lugha yao ni tawi la Kioromo, ni wafugaji wanaoleta ng'ombe mtoni ukame unapozidi. Kwa vizazi vingi nafaka na maziwa vimebadilishana mikono kati yao. Vilevile wamegombania njia za kufikia maji, na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 ugomvi huo, uliochochewa na siasa za wakati ule, uliwaua watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo. Ukila wali wa maziwa ulioungwa kwa asali huko Garsen, unakula mpunga wa jamii moja na maziwa ya jamii nyingine katika bakuli moja. Ningependa menyu iseme hivyo waziwazi: mpunga wa Wapokomo, maziwa ya Waorma. Kuandika 'pudingi ya mchele' ni kuwafukuza wote wawili mezani.

Na mtindi uitwe mtindi. Mtindi wa wafugaji una ladha ambayo yogati ya kiwandani haina, na sababu yake inajulikana: vyombo vya maziwa husafishwa kwa kufukizwa moshi wa vijinga vya miti maalumu, kazi ya wanawake, nao ndio wanaojua mti upi unafaa na upi unachachusha vibaya. Moshi huo huyahifadhi maziwa na huyapa harufu ambayo mtu aliyekulia huko huitambua kabla hajaonja. Siku hizi maziwa mengi yanayofika sokoni Garsen husafirishwa kwa madumu ya plastiki, na dumu la plastiki halifukizwi.